Kuchapa diwani kutoka XML: XSL-FO, CSS au TeX, na suala la nani anapima upana

Mshororo wa tarbia una vipande viwili vya mizani minane minane, na katika diwani iliyochapwa kwa uangalifu vipande hivyo hukaa katika safu mbili: ukwapi kushoto, na utao ukianzia kwenye mstari mmoja wa wima ambao hauhami kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mhariri anayehifadhi mashairi katika XML, yaani maandishi yenye alama zinazotaja kila sehemu ni nini, hasa akifuata mwongozo wa TEI wa kuweka alama hizo, huweka ubeti ndani ya elementi `lg`, mshororo ndani ya `l`, na mpaka kati ya ukwapi na utao huuonyesha kwa elementi tupu iitwayo `caesura`. (Kwa anayeanza leo, ni nafuu zaidi kukiweka kila kipande ndani ya `seg` yake, kwa sababu kuugawa mshororo kwenye elementi tupu kunaongeza kazi katika XSLT, lugha ya kuigeuza XML, bila faida.) Hadi hapo maandishi yamehifadhika, lakini hayana sura. Ili yawe kurasa za PDF za kupeleka kwa mpiga chapa, kuna njia tatu zinazostahili kupimwa: kuyageuza yawe XSL-FO (XML inayoeleza sura ya kurasa), kuyageuza yawe HTML inayopangwa kwa CSS ya kurasa (lugha ya mitindo ya wavuti ikitumika kwa karatasi), au kuyageuza yawe faili la TeX (mfumo wa kupanga vitabu).

Ugumu wote unatokana na jambo moja, kwamba mizani si upana. Nimetunga vipande viwili kwa ajili ya jaribio: «Ilikuwa siku ile» na «Mwangwi wa mwambao mwema». Kila kimoja kina mizani minane, na mwimbaji atavitendea sawa. Lakini cha kwanza kina herufi na nafasi 16, sita kati yake zikiwa i na l nyembamba, ilhali cha pili kina 24, kumi kati yake zikiwa m na w, ambazo ndizo pana kuliko nyingine zote. Katika fonti ya Times ya pointi 11, cha kwanza kinachukua pointi 68 hivi na cha pili pointi 146 hivi, yaani zaidi ya mara mbili. Utao unapaswa kuanzia mbele kidogo ya ukwapi ulio mpana kuliko zote katika shairi zima. Basi ni lazima mtu au programu fulani ijue upana huo kabla mshororo wa kwanza haujapangwa.

XSLT haiujui. Inaweza kuhesabu herufi kwa `string-length`, lakini haina fonti mbele yake, na kama mfano huo unavyoonyesha, idadi ya herufi hupotosha. Anayejua upana ni injini ya upangaji peke yake, ile inayosoma vipimo vya fonti na kuandika PDF. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuchagua njia si injini ipi ina hesabu nyembamba kuliko nyingine, maana zote hupima kwa usahihi usioonekana kwa jicho: FOP, injini ya XSL-FO, huhesabu kwa sehemu za elfu za pointi, na TeX huigawa pointi yake mara 65,536. Swali ni kama injini inakubali kupewa agizo la aina hii: pima kwanza, kisha panga kwa kipimo ulichopata.

XSL-FO

XSL 1.0, kiwango kinachoieleza XSL-FO, iliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 15 Oktoba 2001, na toleo la 1.1 likafuata tarehe 5 Desemba 2006. Matayarisho ya toleo la 2.0 hayakufika kwenye hatua ya kuidhinishwa, kwa hiyo anayechagua XSL-FO leo anachagua kiwango kilichotulia, jambo ambalo kwa kitabu kinachotarajiwa kuchapwa upya baada ya miaka mingi linaweza kuwa sifa badala ya kasoro. Msamiati wake ulibuniwa kwa ajili ya karatasi, na kurasa, safu, pambizo na vichwa vya kurasa vimo ndani yake tangu mwanzo.

Anayetoka kwenye Word atatafuta kituo cha tabo na hatakipata, kwa kuwa XSL-FO haina kitu hicho. Badala yake kuna vifaa vitatu. Orodha, yaani `fo:list-block`, inafaa kwa namba ya ubeti inayokaa pembeni mwa maandishi, kwa sababu sifa ya `provisional-distance-between-starts` huamua umbali kati ya mwanzo wa namba na mwanzo wa maandishi. Kujaza kwa `fo:leader` kunafaa kwa yaliyomo. Kwa vipande vya mshororo, kifaa ni jedwali, na hapo ndipo chaguo la injini linapoanza kuuma.

Apache FOP, ambayo ni huria na ndiyo ambayo wengi huanza nayo, hupanga majedwali ya upana uliotajwa tu. Jedwali linalojipangia upana kulingana na yaliyomo, ambalo kiwango kinaliruhusu, haliko ndani ya FOP. Basi mtumiaji analazimika kuandika, kwa mfano, milimita 55 kwa safu ya ukwapi na kutumaini kwamba hakuna kipande kitakachozidi. Kikizidi, huvunjika na kushuka mstari wa pili, na mshororo mmoja hugeuka miwili mbele ya macho ya msomaji. Ukiacha nafasi kubwa kwa usalama, shairi lenye vipande vifupi hubaki na pengo katikati linaloutenga utao na ukwapi wake.

Kuna njia ya kutoka, nayo ni kupanga mara mbili. FOP inaweza kuandika mti wa maeneo badala ya PDF, kwa chaguo la `-at`, na mti huo ni XML yenye upana wa kila kipande cha maandishi uliopimwa kwa fonti halisi, katika sehemu za elfu za pointi. Katika mzunguko wa kwanza vipande vyote hupangwa kimoja kimoja bila kujali sura. XSLT ya pili husoma mti ule, huchukua upana mkubwa kuliko wote kwa kila shairi, na kuupachika kwenye safu ya jedwali la mzunguko wa pili. Matokeo ni sahihi kabisa, na kwa kuwa hatua zote ni XML, mtu mwenye XSLT haondoki katika mazingira aliyoyazoea. Gharama yake ni kwamba hati moja sasa ina mageuzi mawili ya kutunza, na anayeirithi kazi hiyo asiposoma maelezo hatajua kwa nini.

Injini za kulipia, kwa mfano Antenna House Formatter, hutekeleza jedwali linalojipangia upana, na mzunguko wa pili hauhitajiki. Lakini hapa kuna mtego ambao pia umo katika CSS: kila ubeti ukiwa jedwali lake, kila jedwali litajipimia upana wake, na utao utaruka kushoto na kulia kutoka ubeti hadi ubeti. Shairi zima lazima liwe jedwali moja, mishororo iwe safumlalo zake, na beti zizuiwe kukatika kwa sifa ya `keep-with-next` kwenye kila safumlalo isipokuwa ya mwisho ya ubeti.

Jambo la mwisho kuhusu XSL-FO linawahusu wanaochapa tenzi za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, pengine hati zote mbili ubavu kwa ubavu, moja ikiwa na `xml:lang="sw-Arab"` na nyingine `sw-Latn`. FOP ilipata uwezo wa kupanga hati changamano katika toleo la 1.1 la mwaka 2012, kwa hiyo kuunganisha herufi si tatizo tena. Tatizo ni neno `left`. Katika XSL-FO, `text-align="left"` hufasiriwa kuwa ni `start`, yaani upande ambako maandishi yanaanzia, na katika eneo linaloandikwa kutoka kulia upande huo ni wa kulia. Katika CSS, `left` ni kushoto kwa karatasi, hata hati iwe ipi. Mtu anayehamisha mitindo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kujua tofauti hii atapata kurasa za Kilatini zilizo sawa na kurasa za Kiarabu zilizopinduka. Dawa ni kuandika `start` na `end` kila mahali, kote kuwili, na kuliacha lile jingine.

CSS ya kurasa

Katika CSS, agizo la kupima kwanza lipo katika lugha yenyewe. Shairi likipewa `display: table`, ubeti `table-row-group`, mshororo `table-row` na kila kipande `table-cell`, injini hupima vipande vyote na kuweka mwanzo wa utao mahali panapostahili, bila namba yoyote ya milimita kuandikwa. Ukiongeza `margin: auto`, shairi zima hukaa katikati ya ukurasa kulingana na mshororo wake mrefu, ilhali kila mshororo unabaki umeegemea kushoto. Huo ndio upangaji ambao wachapaji wa mashairi huupenda, na katika FOP haupatikani bila mizunguko miwili. Ukiongeza `white-space: nowrap`, hakuna kipande kitakachovunjika. Mistari minne ya CSS inafanya kazi ambayo kwingine ingehitaji faili zima.

Injini ndizo zinazotofautiana. Prince, ya kampuni ya YesLogic ya Australia, ni ya kulipia, na leseni yake ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara huweka alama kwenye ukurasa wa kwanza. WeasyPrint ni huria, imeandikwa kwa Python, na kwa majedwali ya aina hii inatosha. Paged.js hutegemea Chromium, kwa hiyo hurithi uwezo wa kivinjari pamoja na udhaifu wake. Kwa mashairi tofauti kati yao ni ndogo, kwa sababu mistari ya shairi haijazwi hadi ukingo wa kulia.

Tofauti inajitokeza katika utangulizi wa diwani, ambako maandishi ni ya nathari na mhariri anataka kingo zote mbili zinyooke. FOP na TeX huiangalia aya nzima kabla ya kuamua mistari ikatwe wapi, kwa mbinu ambayo Donald Knuth na Michael Plass waliieleza mwaka 1981. WeasyPrint hujaza mstari mmoja, huufunga, kisha huenda kwenye unaofuata. Katika Kiswahili jambo hili ni zito kuliko katika lugha za maneno mafupi: kitenzi kama «hawakutuandikishia» kikikataa kuingia mwishoni mwa mstari, hushuka chote, na mstari uliobaki hunyooshwa hadi nafasi kati ya maneno zinafanana na mapengo ya meno. Usichukulie kwamba injini yoyote ina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili. Kwa bahati silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na XSLT 2.0 inaweza kuingiza kistari laini, yaani U+00AD, baada ya irabu kwa kanuni fupi, ilimradi isiache herufi moja peke yake mwanzoni au mwishoni mwa neno. Kazi hiyo hufanywa mara moja, katika mageuzi, na injini zote tatu hufaidika.

Udhaifu mwingine wa CSS ni mstari msingi, yaani mstari usioonekana ambao herufi hukaa juu yake. Mhariri anayetaka mistari ya kurasa mbili zinazotazamana ilingane, ili wino wa upande wa pili usionekane kati ya mistari kwenye karatasi nyepesi, hatapata msaada wa kutosha: mapendekezo ya gridi ya mistari yapo, ila utekelezaji ni haba. Itambidi ahakikishe kwa mkono kwamba kila kichwa, nafasi kati ya beti na picha vina kimo ambacho ni kizidisho kamili cha kimo cha mstari. Inawezekana, lakini tanbihi moja yenye herufi ndogo inatosha kuuvuruga ukurasa. Antenna House ina kiendelezi chake cha gridi, na ConTeXt, mfumo uliojengwa juu ya TeX, inayo ndani yake. Wengine humwachia mtumiaji.

TeX

TeX ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambayo upimaji ni amri ya kawaida. Katika LaTeX, mkusanyiko wa amri uliojengwa juu ya TeX, `\settowidth` huchukua maandishi yoyote, huyapima kwa fonti inayotumika wakati huo, na kuhifadhi jibu katika urefu wenye jina. Kifurushi cha `verse` kimejengwa juu ya wazo hilo: mhariri hukipa mshororo mrefu, nao upana wake, `\versewidth`, hutumika kuliweka shairi katikati. Kwa kuwa mashairi yanatoka XML, XSLT inaweza kuandika vipande vyote vya ukwapi katika kitanzi cha upimaji kabla ya shairi, TeX ikabakiza ule mpana zaidi, kisha mishororo ikapangwa kwa kipimo hicho. Hakuna mzunguko wa pili wa nje, wala hakuna kukisia.

Mtu anaweza kudhani kwamba hoja imekwisha hapo, lakini njia kutoka XML hadi LaTeX ina miiba. Alama kumi, zikiwemo &, %, $, # na _, zina maana maalumu katika LaTeX na lazima zigeuzwe kila zinapotokea katika data. Alama moja ya asilimia iliyosahauliwa katika utangulizi humeza maneno yote yaliyoifuata kwenye mstari, bila onyo lolote. ConTeXt, ya Hans Hagen wa Uholanzi, huondoa tatizo hilo kwa kusoma XML moja kwa moja na kuipanga bila faili la katikati. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kuliko zote kwa kitabu kimoja kinachotunzwa na mtu mmoja anayeipenda kazi hiyo, na ni chaguo baya kwa ofisi ambayo wafanyakazi wake hubadilika, kwa sababu wanaoijua ni wachache na maelezo yake hudai subira.

Kuna jambo la vipimo linalowapata wanaohamia TeX kutoka kwingine. Pointi ya CSS na ya XSL-FO ni 1/72 ya inchi, ilhali pointi ya TeX ni 1/72.27. Safu ya milimita 100 ni pointi 283.46 katika mifumo ile miwili. Namba hiyohiyo ikiandikwa `283.46pt` katika TeX, safu hutoka na milimita 99.62. Theluthi moja ya milimita haionekani katika aya, lakini katika fomu ambayo tayari imechapwa visanduku na inajazwa kwa mashine, huonekana mara moja. TeX huiita ile pointi nyingine `bp`, na mageuzi yanayotoka XML yanapaswa kuandika `bp` au milimita, kamwe si `pt`.

Namba na yaliyomo

Kupanga namba kwa nukta ya desimali kuna historia ya ajabu kidogo. CSS2 ya mwaka 1998 iliruhusu `text-align` kupewa alama, mathalani nukta, ili seli za safu zilingane kwenye alama hiyo. XSL 1.0 iliurithi uwezo huo, CSS 2.1 ikauondoa, na sasa umerudi katika rasimu ya kiwango cha nne cha maandishi ya CSS bila vivinjari kuutekeleza. Antenna House huutii katika XSL-FO, FOP hapana. Katika LaTeX safu ya aina ya `S` ya kifurushi cha `siunitx` hulimaliza jambo. Kwa FOP na CSS, mbinu ya kawaida ni kuigawa namba katika XSLT: sehemu iliyo kabla ya nukta huwekwa katika seli iliyoegemea `end`, na nukta pamoja na desimali katika seli ya jirani iliyoegemea `start`, pambizo za ndani kati yao zikiwa sifuri.

Hata hivyo orodha nyingi za bei hazihitaji mbinu hiyo. Kama kila kiasi kina desimali mbili, 1,250,000.50 na 975.00, kuegemeza upande wa `end` kunatosha, kwa sharti kwamba tarakimu zote za fonti zina upana mmoja. Fonti nyingi nzuri za vitabu zina tarakimu ambazo 1 ni nyembamba kuliko 8, na hapo nukta huyumba hata seli zikiwa sahihi. Katika CSS, `font-variant-numeric: tabular-nums` huirekebisha; katika `fontspec` ya LaTeX ni `Numbers=Monospaced`; kwa FOP, salama ni kuchagua tangu mwanzo fonti ambayo tarakimu zake za kawaida zinalingana.

Kwa yaliyomo, XSL-FO inaongoza. Aya yenye `text-align-last="justify"`, `fo:leader` ya nukta na namba ya ukurasa hufanya kazi katika kila injini, na kichwa kirefu kinachovunjika huzuiwa kuingia kwenye safu ya namba kwa kuweka `end-indent` ya pointi 24 na `last-line-end-indent` ya pointi 24 hasi. CSS hufikia hapo kwa `leader('.')` na `target-counter`, ambazo Prince na WeasyPrint huzijua na Chrome haizijui. Katika XSL-FO kasoro moja hujirudia: faili likiandikwa kwa `indent="yes"`, mwisho wa mstari kati ya `fo:leader` na namba hugeuka nafasi, na nukta huacha pengo mbele ya namba katika baadhi ya mistari na si katika mingine, kutegemea jinsi kigezo kilivyoandikwa. `indent="no"` huiondoa.

Chaguo

Kwa diwani ya Kilatini isiyo na mahitaji makubwa ya mstari msingi, ningetumia CSS kwa WeasyPrint, kwa sababu jedwali linalojipima ndilo hasa shairi linalohitaji. Kwa ankara, vyeti na ripoti zinazotolewa kwa maelfu na ambazo vipimo vyake vinajulikana kabla, FOP haina mshindani wa bure, na ukali wake wa kutaka milimita hugeuka kuwa ulinzi. Kwa toleo la kitaaluma lenye hati mbili, tanbihi na gridi, ni ConTeXt akiwepo wa kuiendesha, au Antenna House zikiwepo fedha.

Injini yoyote itakayochaguliwa, matokeo yakaguliwe kwa namba na si kwa jicho. Amri ya `pdftotext -bbox` ya Poppler, mkusanyiko wa zana za kusoma PDF, hutoa kila neno la PDF pamoja na viwianishi vyake kwa pointi. Ikilinganishwa `xMin` ya neno la kwanza la kila utao katika shairi, thamani zote zinapaswa kuwa sawa, na ile inayotofautiana hutaja ukurasa na neno la kurekebisha kabla faili halijaenda kwa mpiga chapa.